Jipime Mwenyewe, Moja Hadi Tano

Fomu imeletwa na barua ya idara,
kurasa kumi na moja, na kalamu ya bure
isiyopenda baridi.
Kinyozi hajinyoi, wanasema.
Ila mimi, Ragnfrid Overgård, muuguzi wa usingizi,
nimeagizwa kujinyoa kabla ya Ijumaa.

Kirkenes, Desemba. Jua lilituaga Novemba
na halijasema litarudi lini.
Chumba cha chai kinanuka kahawa iliyoungua
na soksi za Torgeir juu ya kipasha joto.

Swali la kwanza: waweza kukagua mashine ya nusukaputi?
Tano. Naijua kama mlango wa friji ya mama,
wapi pa kusukuma, wapi pa kupiga goti.
Swali la nne: dozi ya mtoto wa kilo tisa?
Tano, ingawa hesabu naipiga mara mbili,
mara ya pili kwa midomo.
Swali la saba: mgonjwa mwenye njia ngumu ya hewa?
Tano, bila kuinua kichwa.
Miaka ishirini na sita, jamani!
Nusu ya mji huu nimeilaza mimi,
na niliowalaza wakaamka
wakaniuliza tunaanza saa ngapi.

Hapo kalamu ikagoma.

Februari ile. Usiku.
Niillas, mchunga kulungu wa theluji,
jipu la jino limeshuka hadi shingoni,
mdomo haupitishi hata kidole,
kakaa kainama, mate yanamtoka,
na macho yake hayamuulizi mpasuaji,
yananiuliza mimi.
Daktari wa usingizi yuko Tromsø, ndege imezuiwa na dhoruba.
Nikashika chuma changu cha siku zote,
nikavuta dawa kwenye bomba la sindano,
ile nyeupe kama maziwa.

“Tusimlaze,” akasema Sunniva.
Miaka miwili tu tangu amalize chuo.
“Akilala, njia inajifunga. Tunampoteza.”

Akampulizia ganzi puani, taratibu,
akapitisha ule mrija wenye kamera,
mwembamba kama mkia wa panya,
huku mtu yu macho, anapumua mwenyewe.
Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono.
Niliushika vizuri. Hilo nalo hawaliulizi.

Sasa nisikilizeni, nyinyi wa idara.
Mafunzo ya mrija ule yalifanyika Septemba,
na mimi nilikuwepo: jina langu liko kwenye daftari,
cheti kinaning'inia pale, juu ya birika, na muhuri wake.
Nilisaini saa mbili asubuhi,
saa mbili na nusu nilikuwa dukani
nachagua pazia za sebule.
Za kijani. Mpaka leo sizipendi.

Nikakata ile tano.
Nikaandika tatu. Nikaitazama.
Nikakata tatu.

Ukurasa wa mwisho: *Taja mahitaji yako ya mafunzo.*
Wametoa mistari miwili,
mmoja umeliwa na muhuri wa ofisi.

Sikuandika kitu. Nikaenda ghalani,
nikamtoa mdoli wa plastiki kwenye sanduku lake,
mdoli asiyekohoa, asiyeogopa, asiye na mke koridoni,
nikamwita Sunniva na chai yake mkononi.
Mara ya kwanza niliingia tumboni.
Mara ya tano, tumboni.
Akacheka, nami nikacheka, kisha sikucheka tena.
Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi
kioo kilipoonyesha nyuzi za sauti,
mbili, nyeupe, zimeachana kidogo
kama pazia ambalo mtu amelisogeza achungulie nje.

“Tena,” akasema.

Alipokuwa anafunga sanduku niliiona fomu yake mfukoni.
Swali la nne, watoto: alijipa mbili.
Nikamwambia avute kiti.
Tuliipiga hesabu ya kilo tisa kwa midomo,
polepole, hadi Torgeir akaja
kuuliza nani kahamisha soksi zake.